Nyumba Kuukuu, Ua Mpana: Majibu kwa Walionionya Isebania

Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu na sebule ndogo. Kuta ni za matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu kwenye ncha, na sakafu ya simiti ina ufa mrefu unaotoka mlangoni hadi chini ya dirisha. Nyuma yake kuna ua wa karibu nusu ekari: migomba, miparachichi miwili mikubwa, choo cha shimo, na zizi lililobaki nguzo tu. Iko nje kidogo ya mji wa Isebania, mahali ambapo usiku ukitulia unasikia malori yakitoka Sirari, upande wa Tanzania, yakianza safari ya kwenda Migori na Kisii. Nilipotaja kwamba nataka kuinunua, kila mtu alikuwa na neno: walimu wenzangu, shemeji zangu, dalali, mama wa duka la ng'ambo ya barabara. Walinitia hofu juu ya nyumba na kunituliza juu ya karatasi. Sasa ninaishi humo, na nawajibu kwa sababu vijana wetu wanaendelea kuambiwa maneno yale yale, nami nimeona kwa macho yangu kwamba hofu ingepaswa kuwa kwenye karatasi na utulivu kwenye nyumba.

"Mwalimu, nyumba kuukuu itakuangukia. Nunua ploti tupu ujenge ya kisasa."

Hili nililisikia kuliko yote. Anayelisema hulinganisha nyumba iliyosimama na nyumba ambayo bado imo kwenye picha ya simu. Ajaribu kutembea barabara ya kuelekea Migori ahesabu kuta zilizofika kwenye linta zikaishia hapo, nyasi zimeota sebuleni. Wenye kuta hizo si wavivu. Walinunua ploti ya futi 50 kwa 100, yaani mita za mraba kama 465, wakadhani wamemaliza lililo gumu. Kumbe baada ya ploti kuna mawe ya msingi, mchanga, kokoto, simiti ambayo bei yake haiwangojei, na fundi anayetaka kulipwa kila Jumamosi. Miaka yote hiyo familia inalipa kodi kwa mwenye nyumba mwingine. Mkopo wa benki wa kununulia nyumba haufiki kwa watu wa kipato chetu: mwaka 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya namna hiyo kama 30,000 tu. Wengine wote tunajenga kwa akiba ya sacco, mshahara na mavuno, tofali kwa tofali. Mimi nililala ndani ya nyumba yangu siku niliyokabidhiwa funguo. Stima ilikuwepo, choo kilikuwepo, na asubuhi kulikuwa na kivuli cha kukalia.

Umri peke yake haubomoi nyumba. Maji na mchwa ndio wanaoibomoa, na wote huacha alama ambayo mtu yeyote aliye tayari kuinama ataiona. Nilikwenda na fundi mwezi wa Machi, asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku, maana nyumba hukaguliwa ikiwa imelowa. Tukiwa nje tulitazama maji yalikosimama. Ndani tulitafuta mistari ya unyevu chini ya kuta na madoa kwenye dari. Fundi alichukua bisibisi akawa anachoma miimo ya milango, papi, na mbao zinazobeba kenchi mahali zinapokaa ukutani. Mahali pawili bisibisi ilizama kama kwenye mkate. Kisha akagonga lipu kwa kifundo cha kidole, chumba kwa chumba, akisikiliza mlio mtupu. Aliniambia niziogope nyufa zinazopanda kwa mshazari kutoka pembe za madirisha na kupanuka kadiri zinavyopanda, kwa kuwa huo ni msingi unaokaa vibaya. Ufa wa sakafu, alisema, ni simiti iliyomwagwa bila udongo kushindiliwa vizuri, na dawa yake ni siku mbili za kazi.

Matofali yetu yalikuwa yameunganishwa kwa udongo badala ya simiti, kama ilivyo katika nyumba nyingi za zamani huku. Watu husikia hivyo wakakimbia. Ukuta wa namna hiyo hudumu mradi miguu yake iko kavu, basi tulichimba mtaro kuizunguka nyumba, tukapiga lipu ya simiti sehemu ya chini, tukaweka mifereji kwenye bati, tukabadilisha miimo miwili na ubao mmoja wa juu. Kuna nyumba ambayo ningeiacha: ile ya fito na udongo iliyopigwa lipu na kupakwa rangi ikauzwa kama ya matofali. Nguzo zake huoza chini ya ardhi zikiwa bado nzuri juu. Ukikutana nayo, lipia ardhi tu, na useme hivyo mezani.

"Ua mkubwa ni kazi ya bure."

Hapa sina maneno mengi. Mparachichi wa kupandikiza huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, wa mbegu huweza kukuweka hata miaka saba na zaidi. Mimi nimenunua miwili inayozaa. Bati la nyumba yangu ni mita za mraba 60 hivi, na kila milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20 ni lita 1,200 kabla ya kutoa zinazomwagika, na sasa kuna mahali pa kuweka tangi la kuzipokea. Mgagani, managu na mihogo havihitaji nauli ya sokoni. Kwenye ploti ya 50 kwa 100, ukishajenga nyumba, choo na tangi, kuku wako wanaishi kwa jirani.

Kuna waliosema kinyume, kwamba nikate vipande viwili niuze, ua ujilipie. Hilo nalo si la kukimbilia. Kugawa ardhi kunataka idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya mwaka 2019, kunataka mpima ardhi, na kama ardhi ni ya kilimo kunataka bodi ya ardhi. Tena lazima uache njia ya kufikia kila kipande, na njia hiyo hutoka kwenye ua wako. Anayenunua kwa hesabu ya kuuza nusu anapaswa kuingiza hizo gharama zote kwenye hesabu yake kwanza.

"Hati ipo, unataka nini tena?"

Neno hili limewaumiza watu wengi Kuria na Migori nzima, na liliniumiza mimi. Kabla ya nyumba hii nilikuwa nimepatana na mtu mwingine. Alinionyesha hatimiliki, imehifadhiwa vizuri ndani ya nailoni. Nikampa malipo ya kwanza. Nilipofanya upekuzi rasmi, ule tunaouita sachi, nikakuta jina lililoandikwa ni la babu yake, aliyekwisha fariki. Muuzaji alikuwa mmoja wa wana watano wa mtoto wa babu huyo. Pesa zangu zilirudi kwa mafungu, kwa mwaka mzima, na hazikurudi zote.

Nyumba kuukuu hubeba karatasi kuukuu. Ardhi nyingi huku ilisajiliwa mara ya kwanza kwa jina la mzee mmoja, na mzee akishafariki watu huendelea kuishi, kulima na hata kuuziana kama kwamba yupo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haikubali. Kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45, na kifungu cha 82 kinakataza msimamizi wa mirathi kuuza ardhi kabla cheti chake hakijathibitishwa na mahakama. Uthibitisho huo kwa kawaida hauombwi mpaka miezi sita ipite tangu cheti kitolewe. Kwa hiyo kama jina lililo kwenye kadi ya kijani, yaani rejista ya ardhi hiyo, si la mtu anayekuuzia, swali la kumuuliza ni moja: kesi ya mirathi iko wapi? Mahakama ya Kehancha haiko mbali. Atakayekujibu kwamba ndugu wote wamekubaliana, mwambie akubaliane nao mbele ya hakimu, kisha mzungumze.

Na uwajue hao ndugu ni akina nani. Katika boma la Kikuria huenda yuko mama aliyeolewa chini ya nyumba ntobhu, ule utaratibu wa mwanamke asiye na mtoto wa kiume kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike. Watoto wa nyumba hiyo ni warithi kwa mila, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya mirathi ya familia ya Kinandi. Muuzaji anayekuambia "hao si wa kuhesabiwa" anakuuzia kesi.

Ndani ya mji wenyewe tatizo hubadilika sura. Huko utaonyeshwa barua ya kugawiwa ploti, imechakaa, ina mhuri wa baraza lililokuwepo kabla ya kaunti za 2013. Barua hiyo si hati. Mahakama ya Juu ilisema wazi Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, kwamba barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki anaoweza kumuuzia mwingine. Miezi michache nyuma, Aprili mwaka huohuo, katika kesi ya Dina Management na kaunti ya Mombasa, ilisema jambo zito zaidi: hata mwenye hati mkononi, aliyelipa kwa nia njema, halindwi ikiwa mzizi wa hati hiyo ulioza tangu mwanzo. Ndiyo maana kuiona hati pekee hakutoshi. Fuatilia ilikotoka, mwenye baada ya mwenye, hadi usajili wa kwanza.

"Chifu na mzee wa kijiji wameshuhudia. Bodi ni ya matajiri."

Nawaheshimu wazee, na bila mzee wa kijiji nisingejua historia ya boma hili. Mkataba ulioandikwa, ukasainiwa na pande zote na kila saini ikashuhudiwa, una uzito, maana sheria ya mikataba haitambui mauzo ya ardhi ya mdomo. Lakini mkataba huo haujahamisha chochote. Kama kipande kiko nje ya mipaka ya mji na ni cha kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka idhini ya bodi, na ombi liwasilishwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini mauzo ni batili, na unachobaki nacho ni haki ya kudai pesa zako kama deni. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa iliwaokoa wanunuzi waliokuwa wamelipa na kupewa ardhi bila idhini, kwa kusema muuzaji hawezi kula pesa kisha akajificha nyuma ya sheria. Haki hiyo waliipata baada ya kupanda mahakama hadi ya rufaa. Mwalimu wa Isebania hana muda huo.

Isitoshe, bodi ndiyo rafiki wa mnunuzi mdogo. Siku tuliyokaa mbele yake, mwenyekiti alimwita mke wa muuzaji akamuuliza kwa sauti kama anajua nyumba inauzwa na kama anakubali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inamlinda mke huyo, na jibu lake la ndiyo, lililosikiwa na watu wote, ndilo linaloniwezesha kulala mimi.

"Andikeni nusu ya bei, mpunguze ushuru."

Dalali wangu alinieleza hili kama fadhila. Tuweke hesabu. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani mashambani na asilimia 4 mjini. Nyumba ya shilingi milioni moja ikiandikwa nusu milioni, mnunuzi anaokoa 10,000 mashambani au 20,000 mjini, tena ikiwa mthamini wa serikali atakubali bei hiyo. Mauzo yakivunjika, kinachodaiwa kwa urahisi ni kile kilichoandikwa, yaani unahatarisha 500,000. Na muuzaji anayedai anaikimbia kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, mara nyingi hata haimhusu: aliyeishi kwenye nyumba yake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza amesamehewa, na mauzo yasiyozidi milioni tatu yamesamehewa. Tuliandika bei yote.

"Mpaka unajulikana, uzio huo una miaka hamsini."

Uzio wa mimea hutembea. Kila msimu jirani hupogoa upande mmoja, na baada ya miaka thelathini umesogea hatua mbili. Ramani za usajili wa eneo kama hili huonyesha mipaka ya jumla tu, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema ugomvi wa mpaka uanzie kwa msajili wa ardhi kabla ya mahakama. Hatari kubwa ya ua mpana, hasa ambao mwenyewe alikuwa anaishi mbali, ni jirani aliyelima kipande chake waziwazi bila ruhusa miaka 12 au zaidi. Mtu huyo anaweza kukidai kisheria. Tulimleta mpima ardhi, majirani wote wakiwepo, na tukakuta mstari wa mihogo ya jirani umeingia mita mbili upande wetu. Alikuwa na miaka minne tu hapo. Alivuna, tukapanda bikoni, tunasalimiana. Kama ningenunua kwanza na kupima baadaye, mazungumzo hayo yangekuwa ya namna nyingine.

"Iko kando ya barabara, bei yake haiwezi kuanguka."

Barabara kuu ya A1 kutoka Isebania hadi Kisii na Ahero, pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani, vimeinua bei za vipande vyote vya kando yake. Vilevile vimewaonyesha watu maana ya hifadhi ya barabara. Nyumba za zamani nyingi zilijengwa barabara ikiwa nyembamba, na sehemu ya mbele ya ua, ile inayompendeza mnunuzi kwa sababu ingefaa vibanda vya kukodisha, mara nyingine ni ya umma. Mamlaka ya barabara ikipaka X nyekundu ukutani, hulipwi fidia ya ardhi ambayo haikuwa yako. Pima kutoka katikati ya barabara kwa ramani. Nilichagua nyumba iliyo ndani, umbali wa dakika kumi kwa miguu, na sijajuta.

"Changa na binamu yako wa Tarime, mwandike jina moja."

Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 ulipita katikati ya Wakuria, na hadi leo ndugu wa tumbo moja wana vitambulisho vya nchi mbili. Ni jambo la kawaida kabisa kwamba wa Sirari achangie nyumba ya Isebania. Lakini Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinampa asiye raia umiliki wa kukodi usiozidi miaka 99 tu, na sheria ya udhibiti inaizuia bodi kumpa idhini ya ardhi ya kilimo. Wengine husema Mkenya ashike jina kwa niaba ya wote wawili. Katiba imeliona hilo pia: ardhi inayoshikwa kwa amana huhesabiwa ya raia pale tu ambapo wanufaika wote ni raia. Tanzania nayo, ambako ardhi yote iko chini ya Rais kama mdhamini, humfunga Mkenya vivyo hivyo. Binamu akikusaidia, mwandikie deni la kawaida, lenye tarehe za kulipa. Undugu hautapungua.

"Wewe ni Mjaluo, tena mwanamke. Huko kwa Wakuria hutakaa."

Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya, na cha 60 kinakataza ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi. Ningeweza kuishia hapo. Isebania yenyewe, hata hivyo, hujibu vizuri zaidi: ni mji wa mpakani wa Wakuria, Waluo, Wakisii, Wasomali na Waluhya, na siku ya kuhamia waliobeba kabati langu walikuwa vijana wa mama wa duka, yule yule aliyenionya. Hati ina jina langu na la mume wangu, la kwangu likiwa la kwanza.

"Boma lenye kaburi halinunuliwi."

Hili walilisema watu wa kwetu Homa Bay, kwa uchungu wa kweli, na silidharau. Chini ya mparachichi wa upande wa juu kuna makaburi mawili, ya baba na kaka wa muuzaji. Kisheria hayazuii mauzo. Kuyafukua ndiko kunakotaka kibali chini ya Sheria ya Afya ya Umma, na sikutaka kuyafukua. Tuliandika kwenye mkataba kwamba kipande cha mita nane kwa sita hakitalimwa wala kujengwa, na kwamba familia inaweza kukitembelea wakati wowote wa mchana. Mpima ardhi alikichora. Mama wa muuzaji, ambaye amehamia kwa binti yake Mabera, huja kila baada ya miezi kadhaa na ufagio wake mwenyewe. Mara ya kwanza alisimama langoni akabisha hodi, kwenye lango alilolipita kwa miaka arobaini bila kubisha. Nikamwambia, "Mama, karibu, ingia." Akafagia, akakaa kivulini, akaomba maji ya kunywa, kisha akanionyesha ni tawi gani la mparachichi huzaa mapema.